Dalili za kansa ya mlango wa kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila wiki: kwenye benchi la kliniki, kwa VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji, kwa senga (shangazi anayewafunda wasichana), na kwenye simu usiku pale mtu anapoona damu asiyoitarajia. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Jibu likishatolewa mahali, hatulirudii. Tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Mlango wa kizazi uko wapi, na kansa yake inatoka wapi?

Ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, ile inayochomoza juu kabisa ndani ya uke. Ukiigusa kwa kidole inafanana na ncha ya pua: ngumu kidogo, laini juu, na ina kitundu katikati. Hedhi hupitia hapo, na mtoto hupitia hapo. Kwa Kiganda huitwa omumwa gwa nnabaana.

Karibu kansa zote za hapo husababishwa na HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kama asilimia 70 ya kansa hizi. Wanawake wengi hukipata wakati fulani na mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kinang'ang'ania, chembe zinaanza kubadilika, na mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa kansa. Kwa mwenye kinga dhaifu, mfano mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Nchini Uganda hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa karibu wagonjwa wapya 7,000, na vifo zaidi ya 4,000. Vifo ni vingi hivyo kwa sababu wengi hufika hospitali wakati uvimbe umeshatoka nje ya mlango wa kizazi.

2. Dalili ya kwanza kabisa ni ipi?

Hakuna. Mabadiliko ya kabla ya kansa hayaumi, hayawashi, hayatoi damu wala harufu. Hata kansa ndogo inaweza kukaa kimya. Dalili zilizo kwenye ukurasa huu kwa kawaida ni za hatua ambayo tayari kuna kitu cha kuonekana kwa macho. Kwa hiyo kipimo (swali la 12 na kuendelea) ni cha mwanamke asiye na shida yoyote, na dalili ni za kumfanya asisubiri zamu yake ya kipimo.

3. Kansa isiyouma si kansa, au siyo?

Si kweli: hata isiyouma ni kansa. Mlango wa kizazi una mishipa michache ya fahamu inayohisi maumivu kama yale ya kukatwa au kuchomwa. Ndiyo maana uvimbe unaweza kufikia ukubwa wa limau bila kuuma. Maumivu huanza pale kansa inapogusa mishipa ya nyonga, kibofu au mgongo, na hapo imeshachelewa. Imani hii huwachelewesha watu, na inaua.

## Kuhusu damu

4. Damu ya namna gani ni ya kutilia shaka?

Usiangalie wingi, angalia wakati. Tone moja lililotoka wakati usio wake lina maana kuliko hedhi nzito iliyokuja siku yake. Nyakati nne za kutilia shaka ni hizi: baada ya kujamiiana, katikati ya hedhi mbili, baada ya hedhi kukoma kabisa, na hedhi iliyogeuka kuwa ndefu au nzito kuliko ulivyozoea.

Damu ya baada ya tendo ndiyo inayojieleza zaidi. Nyama ya kansa huota mishipa myembamba ya damu na uso wake humeguka kwa kuguswa tu. Wenzi wengi hudhani mwanamke "ameingia mwezini ghafla", wanaoga, yanaisha. Jifute kwa kitambaa cheupe au tishu baada ya tendo: hata rangi ya waridi inahesabika. Ikitokea mara mbili, usingoje ya tatu.

Weka hesabu. Kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu, andika siku hedhi ilipoanza, siku ilipoisha, na kila siku uliyoona tone. Miezi miwili ya hesabu hiyo humsaidia dakitari kuliko maelezo ya "natokatoka damu".

Damu isiyo ya wakati wake ina sababu nyingine nyingi: maambukizi kama klamidia, kinyama kidogo kisicho cha kansa, uvimbe wa faibroidi, dawa za uzazi wa mpango, mimba. Nyingi zinatibika kirahisi. Lakini hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa kukusikiliza tu. Lazima mlango wa kizazi uonwe.

5. Hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Juzi nimeona tone moja tu. Ni "ujana umerudi"?

Ujana haurudi kwa njia hiyo. Miezi 12 ikipita bila hedhi, damu yoyote baada ya hapo, hata tone, hata maji ya rangi ya chai, ni sababu ya kuchunguzwa ndani ya wiki hiyo. Mara nyingi hugunduliwa kuwa ni ukavu wa uke au kinyama. Inaweza pia kuwa kansa ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba wenyewe. Akina mama wakubwa huificha damu hii kwa aibu, wajukuu wasijue. Binti au mkwe anayefua nguo ndiye mara nyingi anayeiona kwanza. Amwambie mama kwa upole, faraghani.

6. Natumia sindano ya miezi mitatu. Nitajuaje ni sindano au ni ugonjwa?

Sindano na kijiti cha mkononi huleta matone yasiyo na mpangilio, hasa miezi sita ya mwanzo. Matone ya dawa kwa kawaida hayana harufu na hayafuati tendo. Ikiwa umetumia njia hiyo zaidi ya mwaka bila shida kisha damu ikaanza, au inakuja baada ya kujamiiana, usiisingizie sindano. Wala usiiache sindano kwa hofu kabla ya kuchunguzwa. Utaongeza mimba juu ya tatizo.

7. Nina mimba na natokwa damu kidogo. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri. Damu kwenye mimba ni ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo kwa sababu nyingi, na kansa ni mojawapo ya zile adimu. Angalizo moja: baada ya miezi mitano ya mimba, usikubali mtu akuingize vidole ukeni kabla kondo halijajulikana limekaa wapi kwa ultrasaundi. Kondo lililoziba njia likiguswa linaweza kutoa damu ya hatari.

## Kuhusu uchafu, harufu na maumivu

8. Uchafu wa kawaida na ule wa kansa unatofautianaje?

Ute wa kawaida ni mweupe au hauna rangi, hubadilika na siku za mwezi na haunuki vibaya. Uchafu wa fangasi ni mzito kama maziwa yaliyoganda na huwasha. Ule wa bakteria ni wa kijivu na hunuka kama samaki, hasa baada ya tendo. Uchafu wa kansa kwa kawaida huwa majimaji mengi yanayolowesha pedi mchana kutwa, ya rangi ya waridi, ya kahawia au kama maji yaliyooshea nyama. Kadiri uvimbe unavyooza juu yake, harufu inakuwa nzito na haiondoki kwa kuoga. Kuwashwa peke yake si dalili ya kansa hii.

Maelezo haya yasikufanye ujitibu. Mwanamke anaweza kuwa na fangasi na kansa kwa wakati mmoja.

9. Nimepewa vidonge vya maambukizi mara tatu. Vinanipa nafuu, kisha hali inarudi. Kwa nini?

Swali hili lina uzito kuliko yote hapa. Kwenye vituo vingi, na karibu kila duka la dawa kuanzia Busia hadi Arua, uchafu ukeni hutibiwa kwa kufuata maelezo: unasema shida, unapewa vidonge vya aina mbili tatu, unakwenda. Kwa mara ya kwanza utaratibu huo unafaa, kwa sababu wengi kweli wana maambukizi na wanapona.

Tatizo ni ile nafuu. Juu ya uvimbe wa kansa kuna nyama iliyokufa, na bakteria hustawi hapo. Ndio wanaoleta harufu. Metronidazole, vile vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni, huwaua. Harufu inapungua kwa wiki moja au mbili, mgonjwa anaamini dawa imefanya kazi, na uvimbe uko palepale ukikua. Bakteria wanarudi, anarudi kwa mwenye duka, anapewa "ile kali zaidi". Miezi minane inapita hivyo.

Shika kanuni hii: mara ya kwanza, vidonge, mara ya pili, uonwe kwa macho. Uchafu usioisha baada ya kumaliza dozi moja kamili, au uliorudi ndani ya miezi mitatu, usitibiwe tena kabla mtu hajaangalia mlango wa kizazi. Sema hivi: "Dozi nimeimaliza, imerudi. Naomba uniangalie ndani kwa kifaa." Akikataa au hana kifaa, nenda kituo kingine ukiwa na makasha ya dawa ulizomeza.

Na kama kuna damu pamoja na uchafu, hata mara ya kwanza usiondoke na vidonge tu.

10. Mgongo unauma na mguu mmoja umevimba. Vinahusianaje na kizazi?

Kansa ikitanuka pembeni hubana mishipa ya fahamu ya nyonga, hivyo maumivu hushuka kwenye kiuno, tako na paja, mara nyingi upande mmoja, na huzidi usiku. Ikibana njia za maji ya mwili au mshipa wa damu, mguu wa upande huo huvimba. Ikibana mirija inayotoka kwenye figo, figo huvimba kimyakimya. Ikitoboa kibofu, mkojo huvuja ukeni bila kukoma. Ikitoboa njia ya haja kubwa, kinyesi hupitia ukeni. Kukonda na kuchoka huja hapa pia, kuchoka mara nyingi kukitokana na damu iliyopotea kidogokidogo.

Mgongo pekee, kwa mwanamke anayelima na kubeba mitungi, una sababu nyingi za kawaida. Mgongo pamoja na damu au uchafu wa swali la 8 ni habari nyingine.

11. Ni lini niende hospitali leo leo, hata usiku?

Pedi inalowa kabisa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au yanatoka mabonge makubwa. Viganja na midomo vimekuwa vyeupe, moyo unakwenda mbio, unaona kizunguzungu ukisimama. Hujapata mkojo tangu asubuhi hadi usiku, au unatapika, una kwikwi na kuchanganyikiwa. Mguu mmoja umevimba ghafla na kifua kinabana.

Damu ikitoka kwa wingi usijiingize kitambaa, pamba wala majani ukeni. Hospitali wanaweza kuweka shashi safi kwa kubana, kwa muda unaohesabiwa. Cha nyumbani huoza ndani na kuficha kiasi cha damu. Laza mgonjwa njiani, usimpakie boda boda akiwa peke yake na dereva.

## Kituoni

12. Nianzie wapi, na niseme nini?

Anzia kituo cha afya cha daraja la tatu (HC III) au zaidi, uulize siku za kupima kansa ya mlango wa kizazi. Ikiwa unachukua dawa za VVU, uliza kliniki hiyohiyo siku ya kuchukua dawa. Ukiwa na dalili, usikubali kuwekwa kwenye orodha ya "upimaji wa kawaida" wa mwezi ujao. Sema una damu.

Kama unaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, au mtaa ambao wahudumu hawajui Kiswahili, maneno mawili ya Kiganda yanaeleweka sehemu nyingi: omusaayi ni damu, na kookolo ni kansa. Pale kwenye lugha nyingine, nenda na mwanamke wa kukutafsiria. Usimtumie mtoto wako. Utaacha kusema mambo ya baada ya tendo, na hayo ndiyo yanayohitajika.

Siku mbili kabla, usijioshe ndani ya uke, usiweke dawa ndani, na usijamiiane. Ukiwa kwenye hedhi ya kawaida, ngoja iishe. Damu isiyo ya wakati wake si sababu ya kuahirisha.

13. Kipimo cha siki kinafanywaje? Kinauma?

Unalala chali, magoti yamekunjwa, umefunikwa kitenge au shuka. Mhudumu anaingiza kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, anakifungua taratibu na kumulika taa. Kabla hata ya siki, anatazama: kama kuna kidonda, uvimbe unaofanana na ua la koliflawa, au sehemu inayotoa damu ikiguswa, kipimo kinaishia hapo na unaandikiwa rufaa.

Kama hakuna, anapaka siki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba na kusubiri dakika moja kamili. Dakika hiyo ni muhimu. Akitazama baada ya sekunde kumi anaweza kukosa. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, yenye kingo zinazoonekana wazi. Utahisi kubanwa na kuwashwa kidogo. Pumua kwa mdomo, legeza matako. Kila kitu huchukua kama dakika kumi.

Baada ya ukomo wa hedhi kipimo hiki hakiaminiki sana, kwa sababu eneo linalobadilika hupanda ndani ya kitundu lisionekane. Kwa mama wa umri huo uliza kipimo cha HPV.

14. Nimeambiwa kipimo ni "positive". Nina kansa?

Kwa wengi, hapana. Maana yake ni kwamba kuna sehemu nyeupe inayoweza kugeuka kansa miaka ijayo. Mara nyingi huchomwa siku hiyohiyo kwa kifaa cha moto wa nyuzi 100 hivi, kwa muda usiofika dakika. Utatokwa na majimaji kwa wiki tatu au nne, nayo si kansa. Usijamiiane kwa wiki nne hadi sita, na rudi baada ya mwaka. Sehemu nyeupe ikiwa kubwa mno au imeingia kwenye kitundu, haichomwi. Unapelekwa hospitali kubwa.

Kipimo cha HPV nacho kikirudi na kirusi, ni kirusi tu. Kipimo hicho unaweza kujichukulia mwenyewe chooni kwa kijiti laini, lakini hakimfai mwenye dalili: yeye anahitaji kuangaliwa kwa macho.

15. Wanataka kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima. Hakitasambaza kansa?

Hakisambazi. Kipande ni kidogo kama punje ya mchele, na bila hicho hakuna anayeweza kuanza tiba. Kinachoharibika mara nyingi ni baada ya kukata: kipande kinakaa kwenye maji badala ya formalini (dawa ya kukihifadhi) na kuoza, chupa haina jina, au majibu yanakaa kabatini huku mgonjwa akisubiri simu. Kabla ya kuondoka, hakikisha jina na umri vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Uliza ni maabara gani, nani atapokea majibu, na tarehe ya kurudi. Acha namba mbili za simu. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa; tarehe ikipita, fuata wewe.

16. Mwaka jana kipimo kilikuwa safi. Mwaka huu natokwa damu. Naweza kukaa na amani?

Hapana. Kipimo safi kinaeleza siku ile, na hakuna kipimo kisichokosea. Dalili mpya inafuta majibu ya zamani. Hatua ni zilezile za swali la 12.

## Hali za pembeni

17. Binti yangu amechanjwa. Na mimi nimetolewa kizazi. Tuko salama?

Chanjo ya HPV hutolewa bure nchini tangu 2015, kwa wasichana wa miaka 10. Inazuia aina kuu za kirusi, si zote, kwa hiyo akifika umri wa kupimwa atapimwa. Kwako, uliza kama upasuaji uliondoa pia mlango wa kizazi. Wakati mwingine huachwa, nao unaweza kupata kansa. Vyovyote iwavyo, damu ukeni baada ya kutolewa kizazi ichunguzwe.

18. Nina VVU na nameza dawa vizuri. Dalili zangu ni tofauti?

Dalili ni zilezile, ila hatari ni kama mara sita na mambo huenda haraka. Anza kupimwa ukiwa na miaka 25 na fuata tarehe iliyo kwenye kadi yako, maana utarudi mapema kuliko wengine.

19. Je, emmumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) au kujifukiza kunaweza kusafisha?

Hakuna mti unaojulikana kuondoa uvimbe huu. Udongo na majani yakiingizwa ukeni huunguza, na kidonda cha dawa hufanana na kidonda cha kansa, mhudumu akashindwa kutofautisha. Kama umeshatumia, mwambie bila kuficha.

20. Mume wangu apimwe? Ni yeye aliyenipa?

Hakuna kipimo cha HPV kinachotumika kwa wanaume kituoni, na kirusi kinaweza kukaa miaka mingi. Huwezi kujua kilitoka kwa nani wala lini. Nguvu za kutafuta mkosaji zinahitajika kwenye nauli.

21. Imegundulika imefika mbali. Kuna maana ya kwenda Mulago, hospitali kuu ya rufaa Kampala?

Ipo. Ikiwa bado kwenye mlango wa kizazi, upasuaji unaweza kuiponya. Ikiwa imetoka pembeni, tiba ni mionzi pamoja na dawa ya dripu kila wiki, kwa jumla ya wiki tano hadi nane, na wengine hupona. Kabla ya kuanza watapima figo na kiwango cha damu, kwa sababu dawa ya dripu inategemea figo zinazofanya kazi. Wapo wanaoamini Uganda haina mionzi. Habari hiyo ilibaki kutoka 2016, mashine pekee ilipoharibika. Mashine nyingine zimewekwa tangu hapo kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Jipange kwa malazi na chakula cha muda wote huo, kwa sababu anayekatisha mionzi katikati hupoteza faida yake.

Hata pale kuponya kumeshindikana, maumivu na harufu vinatibika. Hospice Africa Uganda, iliyoanza 1993, ina vituo Kampala, Mbarara na Hoima, na Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulala huwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku. Harufu hupungua kwa metronidazole inayosagwa na kuwekwa palepale, kwa maelekezo ya muuguzi. Mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya dozi ya kwanza, si baada ya tumbo kujaa.